Mgonjwa ni Wenu

Binti wa mgonjwa hakusema kwamba wauguzi walichelewa. Hilo ndilo lililonikaa kichwani tangu mwanzo. Ndugu wa wagonjwa wakija kulalamika, wimbo wao huwa mmoja: tuliita, hakuja mtu. Huyu alikaa mbele ya meza yangu, mkoba ameupakata kama mtoto, akaniambia kwamba baba yake alipozimia walikuja wote, tena mbio, wamevaa glovu, wanasukuma kigari cha dharura, na pazia wakavuta. Kisha wakasimama.

"Walisimama vipi?" nikamuuliza.

"Walisimama tu, mama. Kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Na baba yangu amelala pale, mdomo wazi."

Baba yake alipona, kwa bahati. Daktari mmoja aliyekuwa anapita kwenye korido alichungulia, akaingia, akampiga mtu kikumbo na kuanza kukandamiza kifua cha mzee kwa mikono yake mwenyewe. Hapo wauguzi wote wakazinduka, kila mmoja akafanya kazi yake barabara. Sasa mzee alikuwa anakunywa uji na kuwagombeza manesi kwamba mto wake ni mgumu. Binti yake hakuja kutaka mtu afukuzwe. Alitaka kujua jambo moja tu, na aliliuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: walikuwa wanangoja nini?

Sikuwa na jibu. Nami nikikosa jibu huwa sili vizuri.

Nilikuwa bado mgeni katika cheo changu. Mkuu wa Mafunzo, ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema, maana yake ni kwamba kila nesi, kila mkunga na kila daktari mwanafunzi anayemgusa mgonjwa katika hospitali ile amepitia mikononi mwetu, na akiharibu, sisi ndio tunaoulizwa kwanza. Waliponipandisha cheo walinipeleka semina ya uongozi. Tulifundishwa kuweka malengo, kugawa kazi na kusuluhisha magomvi, na mtoa mada akatuchorea pembetatu ambayo kwenye ncha yake ya juu nilikuwa nimekaa mimi. Hakuna aliyetuambia la kufanya siku nesi hodari kuliko wote atakapoganda mbele ya mtu anayekufa, mikono ikiwa hewani.

Mimi mwenyewe nina hasira za karibu, sifichi. Na nina ugonjwa wa kuuliza. Utotoni nilifungua pasi ya mama nione moto unakaa wapi, nikachapwa, na kesho yake nikaifungua tena kwa sababu jana sikumaliza kutazama. Hospitalini walinipa jina la Mama Kwa Nini kabla hata sijazoea kiti changu. Walidhani silijui.

Huyo nesi aliyeganda alikuwa Sista wa wodi ya wanaume, msimamizi wa wodi nzima, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo na mikono isiyotetemeka. Niliposikia ni yeye nilidhani wamekosea mtu. Wodi yake ndiyo iliyokuwa inachukua kikombe. Kila mwaka tulikuwa na mashindano ya kuokoa maisha kati ya wodi na wodi, kwa kutumia mdoli wa mafunzo, na wodi yenye kasi na mpangilio kuliko zote ilipewa kikombe cha shaba chenye masikio makubwa. Kikombe hicho kilikuwa kwenye kabati la vioo la wodi ya wanaume muda mrefu kiasi kwamba wagonjwa walidhani ni mali ya wodi.

Nilimwita ofisini. Akaamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Nikamuuliza walikuwa wanangoja nini. Akasema hajui. Nikamuuliza kama aliogopa, akasema hapana. Kama hakuona kwamba mzee hapumui? Aliona. Kama alisahau la kufanya? Akanitazama kwa mara ya kwanza, akanitajia hatua zote kwa mpangilio wake, bila kukosea hata moja, kama mtoto anayesoma shairi. Mikono yake ilikuwa tayari juu ya kifua cha mzee, alisema. Ilikuwa tayari kabisa.

"Sasa mbona hukubonyeza?"

"Sijui, mama. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Sijui."

Nilitamani kumshika mabega nimtikise jibu lidondoke. Badala yake nikamwambia arudi kazini. Alipofika mlangoni akaniuliza kama ni kweli anapelekwa stoo ya mashuka. Nikamjibu sijasikia habari hiyo. Nilidanganya, nilikuwa nimeisikia asubuhi ile ile.

Stoo ya mashuka ilikuwa chini kabisa, nyuma ya chumba cha kufulia. Msimamizi aliyeharibu hakufukuzwa, alipelekwa kule kukunja mashuka na kupokea mapazia, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kupanda tena kutoka kule, watu walipaita Ahera. Kamati ya nidhamu ilikuwa ikae Ijumaa. Kabla ya hapo ilihitaji neno langu mimi, Mkuu wa Mafunzo: kwamba Sista alifundishwa ipasavyo, na kwamba kosa ni lake.

Aliyeniomba neno hilo alikuwa Mkuu wa Wauguzi, bosi wangu. Kabla ya kupanda alikaa kwenye kiti hiki changu kwa miaka mingi, na hospitali nzima, kuanzia mfagizi hadi daktari bingwa, ilimwita Mwalimu. Ndiye aliyeanzisha chumba cha mafunzo kikiwa bado stoo ya viti vibovu. Ndiye aliyemtafuta yule mdoli. Na ndiye aliyenipendekeza mimi, wakati wengine walisema huyu mama mdomo wake hauna breki. Nilimheshimu kama baba, na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Aliniambia kwamba roho inamuuma. Sista alikuwa mwanafunzi wake bora. Lakini kila sekunde ambayo moyo umesimama ni ubongo unaokufa, na mtu anayejua hivyo halafu akasimama hafai kuongoza wodi. "Tulimpa kila kitu, binti yangu," alisema. "Kaandike hivyo."

Sikuandika. Nilianza kuzunguka na swali langu kama mwuza karanga. Daktari aliyemwokoa mzee alisema ni uzembe. Nesi kijana aliyekuwa ameshika kifaa cha kupulizia hewa alisema alikuwa anamwangalia Sista. Aliyekuwa kwenye kigari alisema naye alikuwa anamwangalia Sista. Msaidizi wangu katika mafunzo, kijana mzuri anayeongea tangu anaposaini kuingia hadi anaposaini kutoka, na ambaye kwa hiyo tunamwita Redio, alisema ni woga, kisha akasema ni uchovu, kisha akaeleza habari ya mjomba wake aliyewahi kuzimia harusini. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna jibu lililoniingia akilini. Mwoga hukimbia au hutetemeka. Mchovu hachelewi sehemu moja tu ya kazi na nyingine zote akazifanya kwa kasi ya umeme. Hawa walifika mbio, wakajipanga sawasawa, halafu wakazima, wote pamoja, kana kwamba kuna mtu amebonyeza kitufe.

Nyumbani nilimwaga chumvi kwenye chai. Mume wangu, ambaye ni fundi wa friji na hana haraka na kitu chochote duniani, alinisikiliza mpaka mwisho huku akinibadilishia kikombe. Watoto walikuwa wanagombania rimoti, mama mkwe anawaamua kwa kumpa haki anayelia zaidi. Nikamhesabia mume wangu watu wote niliowauliza.

"Basi umeuliza hospitali nzima," akasema. "Bado mdoli tu."

Alikuwa ananitania. Amenitania hivyo tangu uchumba, na kwa kawaida humrushia kitambaa cha meza. Safari hii nilibaki nimeshika kijiko hewani. Kwa sababu ilikuwa kweli, mdoli alikuwepo kila walipojifunza, na hakuwepo walipoganda. Nikataka kujua itakuwaje nikiwapelekea mdoli pale pale walipoganda, bila kusema kitu.

Mdoli wetu ni mwanamume mzima wa mpira, kuanzia kichwa hadi kiunoni, na ukimkandamiza vizuri kifua chake hulia tik. Jina lake ni Marehemu. Amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua na kila mara anafufuliwa kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi mimi na Redio tulimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, tukamfunika shuka mpaka kidevuni, tukamsukuma kwenye korido. Ndugu wa wagonjwa walitupisha. Mama mmoja mzee alimtazama Marehemu usoni, akatikisa kichwa, akaniambia pole, mwanangu. Nikaitikia. Ningefanyaje?

Nilikuwa nimemwomba daktari wa zamu ruhusa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani nikawanong'oneza kwamba ni mazoezi, wasishtuke. Sista na watu wake sikuwaambia. Walikuwa upande wa pili wanagawa dawa. Tukamlaza Marehemu kitanda cha dirishani, Redio akasimama upande wa kichwa, mimi mwisho wa kitanda, nikabonyeza kengele.

Walikuja kama upepo. Nilisikia magurudumu ya kigari kabla sijaondoa kidole kwenye kengele. Pazia likavutwa, glovu zikavaliwa, Sista akamtazama Marehemu, akanitazama mimi, akaelewa ni mazoezi, na bado akaenda moja kwa moja kifuani. Akaangalia pumzi. Akaweka kiganja juu ya kiganja, mabega sawa, viwiko vimenyooka, kama picha ya kitabuni. Nesi kijana akaweka kifaa cha hewa mdomoni. Wa tatu akashika dawa.

Kisha wakasimama.

Ndilo jambo lenyewe, nilikuwa nalitazama kwa macho yangu. Hasira ikanipanda na maneno yakaja yamejipanga: mnangoja nini nyie, mnataka mwaliko? Kama ningeyasema, nisingejua mpaka leo. Sijui nani alinifunga mdomo. Nadhani ni ule ugonjwa wangu tu, ulikuwa mkubwa kuliko hasira. Nikanyamaza, nikawatazama nyuso. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama mgonjwa. Hawakumtazama Sista wala mimi. Wote, pamoja na Sista mwenyewe, walikuwa wanautazama mdomo wa Redio.

Na Redio, aliyeambiwa asiseme kitu, alikuwa ameubana kwa vidole viwili, maskini, kwa sababu hakujiamini.

Nikawashukuru, nikasema yatosha, nikamvuta Redio koridoni. Nikamuuliza walikuwa wanatazama nini mdomoni mwake. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alifikiri kabla ya kusema.

"Labda kwa sababu sikusema ile."

"Ile ipi?"

"Ile ya kuanzia. Mgonjwa ni wenu."

Niliijua. Kila mtu aliijua, ndiyo maana hakuna aliyeifikiria. Ukiingia chumba cha mafunzo unakuta mdoli amelala, kikundi kinajipanga, mikono inawekwa tayari, na mkufunzi, saa ya kupimia mkononi, anasema kwa sauti: mgonjwa ni wenu. Hapo saa inaanza na kazi inaanza. Mwalimu ndiye aliyeileta, tangu wakati wa mashindano ya kwanza, ili wodi zote zianze sawa na pasiwe na manung'uniko. Aliyeanza kabla ya neno hilo alipunguziwa alama.

Nilirudi kwa Sista. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni kando ya Marehemu, bado na glovu. Nikamuuliza, safari hii kwa sauti ya chini, kama aliwahi kupunguziwa alama. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Alisema ilikuwa mara moja, alipokuwa mwanafunzi. Alimwona mdoli, mikono ikaanza yenyewe. Mwalimu akasimamisha zoezi, akamrudisha mlangoni mbele ya wote, akamwambia ana kiherehere. Kikundi chake kilikosa kikombe kwa sababu yake, na wenzake wakamnunia muhula mzima. Tangu hapo hakuanza mapema tena.

"Kwa hiyo pale kwa yule mzee," nikasema.

Hakuniacha nimalize. Aliangalia mikono yake kwa muda, halafu akaanza kulia, kimya kimya. Nilikaa kwenye kitanda, kando ya Marehemu, nikamwacha alie.

Sasa mnaweza kudhani kwamba kazi ilikuwa imekwisha. Nilidhani hivyo mimi. Nilipanda ngazi kwenda kwa Mwalimu nikiwa na furaha ya mtu aliyeona moto unakaa wapi ndani ya pasi, na nikamwelezea kila kitu kwa pumzi moja. Uso wake ukafunga kama dirisha la duka.

Aliniuliza kama ninamaanisha kwamba yeye ndiye aliyemsimamisha Sista. Nikasema sikusema hivyo. Akasema ndivyo nilivyosema. Akanikumbusha watu waliotoka hospitali ile wakiwa wazima kwa sababu ya mikono aliyoifundisha, na alikuwa na haki, walikuwa wengi. Akasema neno la kuanzia ni neno tu, mtu mzima hawezi kumwacha mgonjwa afe kwa kukosa neno. Kisha akachukua kalamu yake, na mtu akichukua kalamu wakati unaongea ujue umeambiwa utoke.

Koridoni nikaanza kupiga hesabu. Ningeweza kungoja kamati nikayasema yote mbele yao. Ningeshinda, nina hakika. Sista angebaki, na Mwalimu angetoka chumbani pale akiwa mzee ghafla, mbele ya watu aliowalea. Nililifikiria, nakiri, na kwa dakika chache lilinipendeza. Halafu nikajiuliza kwa nini linanipendeza, na jibu halikunifurahisha. Sista nilimwacha ajue mwenyewe kwa kujiona, lakini Mwalimu nilimwendea na hukumu mkononi kama polisi. Kwa nini yeye asipewe nafasi ya kuona?

Nikageuka, nikagonga tena. Nikamwambia simwombi akubali, namwomba aje kutazama tu. Kesho, wodi ya wanaume, kabla ya kamati. Sharti ni moja, asiseme neno.

"Nikishatazama, utaandika?"

"Nitaandika utakachoniambia, Mwalimu."

Lilikuwa jambo la hatari kusema, na nilipofika nyumbani mume wangu aliniambia hivyo hivyo. Ahadi nimeitoa, na ni ahadi juu ya maisha ya mtu mwingine. Usiku ule nililala nikigeuka kama chapati.

Kesho yake Mwalimu alikuja amevaa koti lake jeupe, ambalo siku hizo alikuwa halivai tena. Wagonjwa wakongwe walimwamkia kutoka vitandani. Kwa wauguzi nilisema kitu kimoja tu, kwamba tunarudia zoezi la jana na sitaki wajaribu kunifurahisha. Sista nilimwambia ukweli wote, kwa sababu shingo iliyo kwenye hatari ni yake: kwamba Mwalimu anakuja kutazama, na kwamba akitaka kuanza bila kuambiwa, aanze. Akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa umepauka.

Redio nilimwacha nje. Mwalimu akasimama upande wa kichwa, pale pale alipozoea kusimama miaka yote. Nikabonyeza kengele.

Wakaja mbio. Pazia, glovu, kigari. Sista akaweka viganja. Niliona mabega yake yanataka kushuka, naapa niliyaona, yalishuka kidogo na yakarudi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alijua la kufanya, alijua kwa nini hafanyi, aliruhusiwa kufanya, na bado mikono ilikataa. Wenzake wamemzunguka. Macho yote kwenye mdomo wa Mwalimu.

Mwalimu naye alikuwa anawatazama. Kwanza alitulia, mikono nyuma. Kisha akaanza kuhamisha uzito mguu huu na mguu ule. Akatazama kifua cha Marehemu, akatazama mikono ya Sista, akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yananisihi kama vile aliyelala pale ni mtu. Na kwake nadhani alikuwa mtu. Hajawahi maishani kusimama mbele ya kifua kisichosogea bila kufanya kitu.

"Mgonjwa ni wenu!"

Ilimtoka kwa kishindo, sauti ile ya zamani. Na mikono yote ikashuka pamoja. Tik, tik, tik, kifua cha Marehemu kikaanza kulia, hewa ikaingia, sindano ikaandaliwa, kila kitu kwa mpangilio mzuri usiopata kuonekana. Walikuwa hodari kupita kiasi. Hakuna aliyecheka, ingawa kitanda cha pili mgonjwa mmoja alianza kupiga makofi kisha akaacha.

Mwalimu alivuta kile kiti cha wageni akakaa. Aliwaacha waendelee mpaka Sista alipochoka na kupokewa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na alikuwa anaitazama kama mtu aliyerudishiwa baada ya kuiazimisha.

"Na kule kwa yule mzee," akaniuliza bila kuinua kichwa, "daktari aliingia baada ya muda gani?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua.

Kwenye kamati sikusema sana. Mwalimu aliomba azungumze kwanza, akasimama, jambo ambalo halifanyiki mle ndani, akasema kwamba Sista hakukosea mafunzo, aliyafuata. "Alifanya nilichomfundisha," alisema. "Nilimfundisha kungoja." Mwenyekiti akauliza kama hilo liandikwe. Mwalimu akasema liandikwe hivyo hivyo, na jina lake. Sista hakwenda Ahera. Mwalimu na mimi tulikwenda pamoja nyumbani kwa yule mzee kumwambia binti yake walikuwa wanangoja nini, kwa sababu ndiye aliyeuliza wa kwanza. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuletea maji ya kunywa.

Tukabadilisha kila kitu, na ilikuwa vurugu tupu. Mdoli sasa alikuwa anafia popote: chooni, kwenye lifti, mara moja kwenye foleni ya dawa. Hakuna neno la kuanza, hakuna saa. Mwanzoni watu waligongana vichwa, wengine walianza wawili kwa mpigo, na nesi mmoja alimfufua mgonjwa wa kweli aliyekuwa amejilalia usingizi, akapata kofi. Wakufunzi waliteseka kuliko wote. Redio alitafuna peremende ili mdomo uwe na kazi. Kikombe kiliondolewa kabatini, na sasa kimewekewa maua hafifu ya plastiki mapokezi. Sista alijaribu kila wiki. Kila wiki mikono yake ilisita, muda mfupi zaidi lakini ilisita, na kila mara alinitazama kwa aibu. Nilijifunza kutazama dirishani.

Asubuhi moja nilikuwa wodi ya wanaume kwa jambo lisilo na maana, nafuatilia ufunguo. Mgonjwa mmoja, dereva mstaafu mwenye masihara mengi, alikuwa ananawa uso kwenye sinki. Nilimsikia akianza kusema kitu, kisha bomba likaendelea kumwaga maji peke yake. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameanguka kando ya ukuta, uso umegeuka rangi ya majivu. Nikapiga magoti, nikafungua mdomo niite.

Kiwiko kilinipata ubavuni.

"Nipishe!"

Sista yule, anayeniamkia tangu nikiwa mbali, anayekaa kwenye ukingo wa kiti changu. Nilikwenda chini kama gunia. Nilipoinuka viganja vyake vilikuwa tayari vinashuka na kupanda kwenye kifua cha yule dereva, anahesabu kwa sauti, anaagiza huyu hewa, yule kigari, wewe mwite daktari, mtu afunge lile bomba. Nilijibanza ukutani nisiwe kikwazo. Daktari alipofika dereva alikuwa anakohoa na kutafuta kandambili yake.

Baadaye Sista alikuja ofisini kwangu, amekwisha kuoga na kubadili sare, mikono imekunjwa mbele kama mwanafunzi. Wenzake walikuwa wamemwambia alichonifanya. Aliomba radhi mara nyingi sana, akaniuliza kama ubavu unauma. Nilimwambia unauma vibaya. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza swali langu, lile lile, kwa mara ya mwisho: safari hii, kabla ya kuanza, alikuwa anangoja nini?

Alinitazama kama mtu anayehofia kwamba nimeangukia kichwa.

"Kungoja?" akasema. "Kungoja nini, mama?"